Jipu la Mzee Randa

Mzee Randa alikuwa seremala, na sigara hakuwahi kuionja maishani. Kwa hiyo alipoanza kukohoa damu, familia nzima ililaumu vumbi la mbao. Masikini vumbi, lilisingiziwa. Mzee akiwa bado kwenye chumba cha picha hospitalini, daktari wa upasuaji alimwita pembeni binti yake mkubwa, msusi, akamweleza bila kuzunguka: saratani ya pafu, ya aina adimu, ambayo yeye mwenyewe ameikuta mara mbili tu tangu aanze kazi.

"Bado imekaa mahali pamoja," alisema. "Tukilitoa pafu la kushoto sasa, katika watu kumi, wanne au watano hufikisha miaka mitano. Tukingoja, sikufichi dada, wengi hawamalizi mwaka."

"Niachie nimwambie mwenyewe," binti aliomba.

Jikoni, mama ndiye aliyekata shauri. Katika ukoo ule mgonjwa mahututi haambiwi ugonjwa wake. Hutafutiwa ugonjwa mdogo wa kumtuliza. Bibi alikufa akijua ana vidonda vya tumbo, mjomba akijua ni uchovu.

"Mwambie ni jipu," mama alisema huku akikata vitunguu, machozi yakipata kisingizio. "Akisikia saratani atakufa kabla ya kisu."

Binti alijua huo ni upuuzi. Lakini mama ni mama, akakubali.

Basi Mzee Randa akaambiwa ana jipu ndani ya pafu, na kwamba litatolewa pamoja na pafu lenyewe. Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba.

"Pafu zima kwa sababu ya jipu? Hivi mwanangu, ukiota chunusi tukukate kichwa?"

"Daktari ndiye kasema, baba."

"Huyo ana uchu wa kukata tu. Jipu hukandwa maji moto. Likiiva, linapasuka lenyewe."

Kama ni jipu kweli, mzee alikuwa na haki. Walimbembeleza, wakamnunia, naye akazidi kukaza shingo. Daktari alipopiga simu, binti alijibu, "Bado namwandaa." Alisuka vichwa vya watu kutwa nzima huku akilificha neno saratani, na alijichukia kwa hilo. Mzee akaendelea na makabati yake, akikonda mpaka suruali ikawa inafungwa kwa kamba.

Mgongo ulipoanza kumuuma, binti alimrudisha hospitali kwa nguvu. Picha mpya zilionyesha ugonjwa umeshafika kwenye ini na uti wa mgongo. Safari hii daktari hakumwita mtu pembeni. Alivuta kiti, akamwambia mzee mwenyewe kwamba ni saratani, kwamba kukata hakusaidii tena, na kwamba kilichobaki ni dawa za kupunguza maumivu na kuvuta miezi, si miaka.

Mzee alisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayetaka kitanda kikubwa kwenye chumba kidogo.

"Na ile mara ya kwanza?" aliuliza.

"Mara ya kwanza ningekata."

"Nami ningekubali. Ubao ulioingiwa na wadudu haukandwi maji moto."

Akamgeukia binti, ambaye alitamani ardhi immeze. "Ulijua?"

"Nilijua, baba."

Hakufoka, na afadhali angefoka. Alimshika mkono. "Ulitaka nisiogope. Pole, mwanangu, umebeba mzigo peke yako." Kisha akainama karibu na sikio lake. "Ila mama yako asijue. Ana presha yule. Tutamwambia jipu limekataa kuiva."

Binti aliangua kilio pale pale mbele ya daktari. "Mama anajua, baba. Yeye ndiye aliyesema usiambiwe."

Mzee Randa aliikaza kamba ya suruali yake.

"Kumbe ndiyo maana mama yako halali usiku," alisema. "Na mimi nikamwambia ni uzee."