Herufi ya Tisa

Nabii Gervasi wa Katubuka anasema alishushiwa lugha. Haya, alishushiwa, ila herufi zake ishirini na nne zilionekana mara ya kwanza kwenye daftari lake mwenyewe, nyingine zimefutwafutwa. Akatangaza kanisani kwake kwamba marehemu hawasikii Kiswahili wala Kiha. Anayetaka kuongea na mtu wake ajifunze Lugha ya Juu, azitamke herufi zote bila kosa mbele ya waumini, ndipo atafunguliwa mlango.

Verediana alikuwa na mtu wake. Elida, miaka sita, ziwa lilimchukua mwezi wa tatu. Alichotaka kumwambia ni kitu kimoja tu: nisamehe mwanangu, mvua ilikuja, nikageuka kuanua dagaa.

Basi akajifunza, mama wa watu. Pale ufukweni Kibirizi, wanakoanika, aligeuza dagaa huku midomo inamchezacheza, akachora herufi mchangani kwa kidole, wenzake wakasema kachanganyikiwa. Wiki mbili hazikuisha, alizishika zote isipokuwa ya tisa. Hiyo unabana ulimi kwenye meno ya mbele ya juu, kisha unapuliza. Na meno hayo Verediana hakuwa nayo. Mumewe, Adolf, aliyang'oa mawili kwa ngumi moja wakati wa matanga, akimuuliza alikuwa anaangalia nini.

Adolf naye alitaka kuongea na mtoto. Lakini kichwa cha Adolf, jamani, hakishiki kitu. Nani alikaa naye kila jioni, herufi moja moja, kama mtoto wa chekechea? Verediana huyohuyo. Hata ya tisa alimfundisha, akimwonyesha kwa kidole mahali ulimi unapokaa. Alijiambia hata akipita mmoja, mtoto atapata salamu.

Jumapili ya mtihani alijitengenezea meno kwa nta ya mshumaa. Yalikaa vizuri hadi herufi ya nane. Alipopuliza ya tisa, nta iliruka ikatua kwenye daftari la nabii. Kanisa zima lilicheka, wazee wa kanisa wakaongoza.

"Mama, huko juu hawasemi hivyo," alisema Gervasi, akilifuta daftari. "Kakae nje."

Akakaa nje, chini ya dirisha. Alimsikia Adolf akizitamka zote ishirini na nne, safi kabisa, vilevile alivyofundishwa. Kisha sauti yake ikashuka, akaongea kitambo kirefu kama mtu anayejibiwa.

Alitoka macho mekundu, uso umemtulia. Verediana alimshika shati.

"Baba Elida, umempata?"

"Nimempata. Amekuulizia sana."

"Ukamwambiaje?"

Adolf alimbandua vidole kwenye shati, kimoja kimoja.

"Nimemwambia asikungoje. Mama yake hakujisumbua kujifunza."