Mkono wa Kulia wa Sajini Verna

Sajini Verna Stidham alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Asubuhi ile ya Jumatatu ya kwanza ya Januari alipiga pasi sare yake vizuri kuliko siku zote, maana kama ni kuvuliwa, basi avuliwe ikiwa imenyooka. Hata kasha tupu aliliweka garini, la kubebea vikombe vyake na viatu vya akiba.

Katika kaunti ya Marlow, sherifu, yaani mkuu wa askari wa kaunti, akichaguliwa, hata akiwa yule yule wa jana, askari wake wote hula kiapo upya. Saa sita mchana muhula wa zamani unakwisha, na ambaye jina lake halikusomwa na sherifu anabaki raia tu kama muuza matairi. Hakuna sababu anayopewa, wala mahali pa kukata rufaa. Sherifu Dwight Mullins alikuwa ameshinda tena kwa kura za kuokoteza, na mji mzima ulijua aliyemtoa jasho: chama cha askari na mwenyekiti wake, Verna.

Ugomvi ulikuwa juu ya zamu za mahabusu. Watu walikuwa wakiacha kazi, na badala ya kuajiri wengine, Mullins aliwakamua waliobaki. Zamu yako ikiisha unaambiwa uunganishe nyingine, ukikataa umekaidi amri. Delbert Caudill, askari mwenye mapacha wachanga nyumbani, aliunganisha zamu mpaka akasinzia kwenye usukani na kulitumbukiza gari kijitoni. Verna ndiye aliyemshawishi akaseme mbele ya madiwani wa kaunti. Delbert aliogopa, tena alikuwa na haki ya kuogopa.

"Wewe sema," Verna alimwambia. "Mimi niko nyuma yako."

Akasema yote. Gazeti likaandika, na Mullins akaweka moyoni. Kilichomuudhi Verna zaidi ni kwamba yeye na Dwight walianza kazi pamoja, korido ile ile ya mahabusu, na Dwight ndiye aliyemwingiza chamani. Lakini kuna watu cheo kikishawakaa kichwani husahau hata ngazi waliyopandia.

Ukumbi wa mahakama ulijaa. Wake na waume wa askari walikuwa wamevaa nguo zao za kanisani, na kina mama wa Kimethodisti walikuwa wameleta mikate midogo yenye nyama ya nguruwe ya kukausha. Jaji Imogene Ratliff, bibi asiyependa kupotezewa wakati, alikaa kitini na viatu vya theluji chini ya joho. Mullins alisimama mbele yake, akakohoa, akaanza kusoma majina.

La kwanza lilikuwa "Luteni Verna Stidham."

Luteni, si sajini. Minong'ono ikapita. Mullins alimtazama akitabasamu, na Verna akaelewa kwamba hafukuzwi, ananunuliwa.

Tusimsingizie ushujaa: alifurahi. Pensheni yake ilikuwa karibu kuiva, na mumewe Orville, ambaye vumbi la makaa ya mawe lilimla mapafu, alipumua kwa mtungi wa oksijeni unaolipiwa na bima ya kazi ya mkewe. Majina yakaendelea, naye akayasikiliza kama mtu anayengoja lake wakati lake limeshapita.

Mullins akakunja karatasi. Delbert Caudill hakutajwa.

Delbert alikuwa amesimama nyuma, pacha mmoja begani. Alianza kuibandua beji kifuani kwa mkono mmoja, polepole, asimwamshe mtoto. Alimtazama Verna mara moja tu, bila lawama yoyote, na hilo ndilo lililomchoma.

"Waliotajwa, inueni mkono wa kulia," alisema jaji.

Mikono ikapanda ukumbi mzima. Wa Verna ulibaki chini.

Bega lake la kulia lilivunjwa zamani katika vurugu za wafungwa, na kila aliyemjua alijua jinsi anavyoteseka kuuinua mkono ule.

"Ni bega, Verna?" Mullins aliuliza kwa upole wa kusikiwa na watu. "Jaji atakuruhusu utumie wa kushoto."

"Bega halina neno, Mkuu. Kuna jina umeliruka."

"Sijaruka. Nimesoma ninaowataka."

"Basi na langu lifute."

Mullins alimsogelea, akashusha sauti. "Usiwe mjinga. Nimekupa cheo. Mfikirie Orville."

"Namfikiria tangu alfajiri. Yule aligoma mgodini majira mazima ya baridi, tukala maharage mpaka tukayachukia. Nikirudi na cheo hiki atanilaza na mbwa."

Aligeuka nyuma. "Delbert, rudisha beji yako kifuani."

Mikono ya wengine ilibaki juu, na Verna alihisi upweke ambao hakuwahi kuuhisi hata ndani ya zile vurugu. Kisha mkono mmoja ukashuka. Ulikuwa wa Rusty, mpwa wa Mullins mwenyewe, ambaye hakuwahi kujiunga na chama na aliyezoea kumwita Verna malkia wa malalamiko.

"Mjomba, usinitazame hivyo," alisema. "Delbert akiondoka, zamu zake nani atafanya? Si mimi? Nami kitanda changu nakipenda."

Watu wakacheka, na kicheko kikaondoa hofu. Mikono ikashuka mmoja baada ya mwingine, mpaka hakukuwa na wa juu hata mmoja.

Jaji Ratliff aliitazama saa ukutani. "Sherifu, saa sita inakaribia. Ikigonga, wafungwa wale wote ni wako peke yako. Chakula chao, dawa zao, na kile choo cha ghorofa ya pili kilichoziba."

Mullins aliifungua tena karatasi ambayo jina lile halikuwemo. Uso ulimwiva. Akalitaja kama anayetema mbegu:

"Delbert Caudill. Na Stidham ni sajini."

"Ndivyo ninavyoitwa," Verna alisema.

Delbert alimpa mkewe mtoto, akaja mbele, akasimama karibu na Verna. Safari hii mikono ilipanda pamoja. Bega la Verna liliwaka moto, lakini aliupandisha mkono kupita sikio, juu kuliko mwaka wowote, akala yamini neno kwa neno hadi la mwisho. Jaji akawapongeza, akawaambia washushe mikono wakale.

Wote wakashusha. Yeye hakushusha.

"Nini tena, Sajini?" jaji aliuliza.

"Nina swali kwa sherifu," Verna alisema, machozi ya maumivu yakimlengalenga. "Zile zamu za kuunganisha, tunakaa lini kuzizungumza? Nitaushusha akitaja siku."