Barafu Aliyekuja Kulitolea Jiwe Ushahidi

Jana adhuhuri Masika aliota, naye si mwanamke wa kuota. Alikuwa amevuna maharagwe tangu alfajiri, akajinyoosha kidogo kwenye mkeka jikoni, akingoja saa tisa ifike. Saa hiyo shefu wa kijiji, mzee Mbusa, angekuja kuamua ugomvi wake na mdogo wake Kambale.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Marehemu baba yao alikuwa na shamba moja refu, linaloteremka hadi mtoni, chini ya milima ya Ruwenzori upande wa Kongo. Kabla ya kufa aliwagawia kwa maneno machache: "Kutoka jiweni kwenda juu ni la Masika. Kutoka jiweni kwenda chini ni la Kambale." Jiwe lilikuwa kubwa kama ng'ombe aliyelala. Kwa miaka tisa hakuna aliyeuliza kitu. Kisha mvua za mwezi wa nne zikalainisha udongo, jiwe likateleza hatua ishirini, likatua katikati ya maharagwe ya Kambale. Masika akasema baba alitaja jiwe. Kambale akasema baba alitaja mahali. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na watoto wao walikatazwa kwenda kuchota maji pamoja.

Basi Masika akapitiwa na usingizi, na ndotoni saa tisa ikawahi kufika.

Shefu Mbusa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Kambale yuko mlangoni, kofia mkononi. Jiwe nalo limeingia, ingawa mlango ni mwembamba, na hakuna anayeona ajabu. Kando ya mafiga ameketi Barafu. Ni mkubwa, ana rangi ya majivu, na maji yanamtiririka polepole kama mtu aliyetoka kulima.

"Huyu ni nani?" Masika anauliza.

"Shahidi," anajibu shefu. "Anasema jiwe ni mzigo wake."

"Nililing'oa kule juu, karibu na kilele," anasema Barafu. "Nilikuwa nalipeleka chini. Nikapumzika."

"Kwa muda gani?"

"Miaka kama elfu ishirini."

Shefu anatikisa kichwa. Udhuru wa namna hiyo ameusikia mara nyingi.

"Na wewe, jiwe?"

"Mimi nilibebwa," linasema jiwe. "Sikuulizwa."

Masika anafungua kinywa aseme neno, lakini jiko halipo tena. Wamesimama juu ya mgongo wa Barafu, naye amelijaza bonde lote, ukingo hadi ukingo. Miti haipo, mto haupo. Kutoka chini sana unasikika mkwaruzo mrefu usiokatika.

"Unafanya nini huko chini?"

"Natengeneza bonde lenu. Mto ulikuwa umelikata kama kwa kisu, jembamba, mtu hawezi hata kugeuka. Mimi nikalikomba, kama wewe unavyokomba sufuria ya ugali, mpaka likawa pana. Nilichokomba nilikisukumia pembeni. Kile kilima mnachozikia watu wenu ni makombo yangu."

"Babu yetu amelala pale," anasema Kambale.

"Najua. Hanisumbui."

Shefu anakohoa. Anasema Masika ndiye mzaliwa wa kwanza, kwa hiyo achague yeye: mpaka ni jiwe, ama mpaka ni mahali. Masika hasiti. Amekwisha kulisema neno hilo miezi mitatu, sokoni, kisimani, hata nje ya kanisa.

"Mpaka ni jiwe."

"Vyema," anasema Barafu, na anaanza kutembea.

Mwendo wake ni wa ukucha unaoota, ila miaka nayo inapita upesi, kama punje zinazomwagika mkononi. Jiwe linashuka, na shamba la Masika linashuka nyuma yake: migomba, mihogo, mbuzi wawili, choo. Mbele ya jiwe kila kilicho cha Kambale kinasukumwa. Nyumba inajikunja kama mkeka. Mkewe, Kavira, anateremka akiwa ameketi, bado anachambua maharagwe. Shamba la Masika limekuwa refu mno, haoni tena linakoanzia, na huko juu hakuna kilichobaki ila mwamba mtupu.

Kambale anarudi kinyumenyume, mikono yote miwili imeegemea jiwe, visigino vinachimba udongo. Hapigi kelele.

"Yaya," anasema, maana ndivyo alivyomwita dada yake tangu utotoni, "nyuma yangu ni mto."

"Simama," Masika anamwambia Barafu.

"Kusimama sijui. Mimi huenda, au huyeyuka. Mpaka ni nini?"

Masika anavitazama visigino vya mdogo wake. Kimoja kimeshaingia majini. Aibu inampanda kifuani, ile aibu ya mtu mzima, isiyo na pa kujificha.

"Mpaka ni mahali," anasema. "Pale pale alipoliacha baba."

"Haya," anasema Barafu, na bila kinyongo anaanza kuyeyuka.

Masika akaamka, shingo imejaa jasho.

Shefu Mbusa alifika akiwa amejiandaa kwa mabishano ya mpaka jioni. Masika alilimaliza shauri kwa sentensi moja. Kambale, aliyekuwa amekuja na mashahidi wawili, hakujua awafanyie nini. Shefu naye alionekana kama mtu aliyenyang'anywa jembe. Akaomba aonyeshwe mahali penyewe, apigilie kigingi.

Wakashuka. Pale jiwe lilipong'oka palibaki shimo, na jua la kiangazi lilikuwa limelikausha kabisa. Kambale akaingia ndani, akafagia udongo kwa viganja. Chini palikuwa na mwamba laini, umesawazika kama meza, na juu yake mikwaruzo mirefu iliyonyooka, yote ikielekea bondeni. Akapitisha kidole kwenye mmoja. Akakitoa haraka.

"Baridi," alisema.

Shefu akainama, akagusa. Akaanza kugongea kigingi.

Kambale alitoka shimoni, akasimama mbele ya dada yake. Kile kidole alikuwa amekifumbata kwa mkono wa pili, kama anayekipasha moto.

"Yaya," akasema, "umekula?"