Kabati Lililomeza Mwangwi

…na hanga ikagonga hanga, ti, mlio mdogo kama wa kijiko kwenye ukingo wa kikombe, na hilo ndilo lililokuwa jambo la mwisho la kawaida katika nyumba yao, mkewe kapenyeza mkono kwenye kabati la nguo lililo wazi kutafuta sweta, yeye yuko kwenye kiti mbele ya kabati hilo, gitaa pajani, hedifoni masikioni, taa nyekundu ya mashine ya kurekodia inawaka, na ulikuwa mkupuo wa kurekodi safi kuliko yote, ubeti wa kwanza bila kidole kuteleza, ndipo ti, naye akainua mkono bila kugeuka, kiganja wazi, kama askari wa barabarani anayezuia gari, na kando yake sauti ikanong'ona, "Samahani, fundi mitambo," kwa kicheko kilichobanwa, kisha nyayo zikaondoka kwa kunyata, bila sweta… na sasa ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyeingiza mkono kwenye kabati lilelile na kuuliza, "Shemeji, nianzie juu au chini?" na yeye yuko kwenye kiti kilekile, taa ileile inawaka, anasema, "Ngoja kidogo, nakuomba, ngoja nimalizie," ingawa ni yeye mwenyewe aliyempigia simu aje na mabegi, nguo zinakaa bure na watu wa kuzivaa wapo, aliyasema hayo kwa utulivu hata akajishangaa, kumbe alikuwa amesahau kabati lile lina kazi gani.

Maana alipoileta maikrofoni nyumbani mara ya kwanza, chumba kilimsaliti, kuta za saruji, sakafu ya vigae, kila sauti ilikwenda ukutani na kurudi imechelewa, akajaribu mablanketi, akasimamisha godoro, hadi mkewe alipochoka kuona kitanda kimevuliwa, akaifungua milango yote miwili ya kabati na kusema, "Hebu piga hapa," naye akapiga akiyakabili magauni yake, na mwangwi ukafa papo hapo, gitaa likasogea karibu kama mtu anayekusemesha sikioni, wakacheka wote wawili, na tangu siku ile wimbo wake, wimbo wa mkewe, aliomwahidi, ukarekodiwa mbele ya zile nguo, ubeti wa kwanza, wa pili, kiitikio, umebaki wa tatu tu, wa mwisho, na nguo zikishaondoka ubeti wa tatu utasikika kama umepigwa kwenye chumba kingine, kila mwenye masikio atasikia kwamba hapa kuna kitu kimetolewa, kwa hiyo ni sasa, ni sasa hivi au basi, shemeji kashika hanga mkononi na dereva wake anasubiri nje.

Tik, tik, tik, tik, mashine inamhesabia mapigo sikioni, anaanza tangu mwanzo wa wimbo ili aufikie ubeti wa tatu, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, na mkono unasimama. Wenyewe. Haujakosea, umesimama tu, kwa sababu hapo ndipo unaposimama siku zote, mistari minne kisha sikiliza, futa, rudia, mistari minne, sikiliza, futa… na hakuwa hivi, zamani alikaa kwenye kizingiti cha jikoni na gitaa bovu, akipiga wimbo mzima, mkewe anapiga pasi, na akipotea katikati alipapasa hivyohivyo, akikanyaga sauti zisizohusika, mkewe akisema, "Huko siko, baba, rudi njiani," na katika kupapasa huko ndiko zilikotoka beti zake zote za mwisho, ubeti wa tatu ulizaliwa na kasi ya ubeti wa pili, kama mtu anayeshuka mlima asiyeweza tena kusimama, lakini tangu mashine iingie masikio yamekuwa makali na vidole vimekuwa vioga, vinajua kuna anayevisikiliza ili avifute, anajua kuanza kuliko mtu yeyote, mwanzo wa wimbo huu anaweza kuupiga usingizini, ila ubeti wa tatu hauna hata neno moja, haujawahi kufikiwa. "Siku hizi hupigi gitaa," mkewe alimwambia siku moja akikunja mashuka, "unapiga vipande vya gitaa. Huo wimbo wangu una chumba ndani au ni mlango tu?" Na yeye akajibu, "Nausafisha kwanza."

"…hii sketi dada alikuwa anaingiaje?" sauti ya shemeji inapenya kando ya hedifoni, "au alikuwa anaiangalia tu? Mimi hii itanikwamia magotini!" na anacheka, halafu kicheko kinakatika, anavuta kamasi, anatafuta kitu mkobani, "Samahani, shemeji. Unarekodi?" na yeye anatikisa kichwa, ndiyo, hapana, hajui, anafuta, tik, tik, tik, tik, mstari wa kwanza, wa pili, nje honi inapigwa, futa, tik, tik, na hanga zinagongana, ti, ti, amekwishaanza, hakungoja, au alingoja na yeye hakujibu, gauni la kwanza linaingia begini, la pili, na ndani ya hedifoni, kwa sikio lile la maikrofoni lisilosamehe, anasikia chumba kinafunguka, kila nguo inayotoka ukuta unasogea mbali, sauti ya shemeji inaanza kuota mkia, pumzi yake mwenyewe inamrudia, anasikia vigae, anasikia saruji, chumba kinakuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja, mstari wa tatu, wa nne, na mkono unasimama, pita, pita hapo, anauambia, kama anavyomwambia, yeye mpima ardhi, mtu wa kazini kwake asogeze nguzo ya kupimia kiwanja, sogeza, bado, sogeza, lakini mkono haupiti, mwanaume mzima, msomi, anaushindwa mkono wake mwenyewe…

"Acha!"

Shemeji ameganda, gauni la bluu kifuani. "Shemeji, kama hutaki ziende, sema. Mimi sijaja kukunyang'anya. Nitamwambia dereva aondoke."

"Si hivyo."

"Basi vipi?"

Basi vipi… atamwelezaje mtu kwamba anazihitaji nguo za dada yake zinyonye mwangwi, na kama anazihitaji kwa hilo, basi hilo ni la leo tu, au hata mwenye nguo alimhitaji kwa hilo miaka yote, na kidole chake, ili tu kifanye kitu, kinarudisha wimbo mwanzo, anausikiliza, ubeti wa kwanza, wa pili, kiitikio, anamtafuta mkewe humo, kikohozi chake, pasi ikiguna, mlango wa jikoni, ile ti ya hanga, na hakuna, alikwishaondoa yote, kwa uangalifu, kama anayetoa mchanga kwenye mchele, hakuna nyayo, hakuna "fundi mitambo," kumetulia, gitaa moja na mtu mmoja, aliusafisha wimbo wa mkewe hadi ukawa wimbo wa mtu anayeishi peke yake, na wakati ule wala hakuwa akiishi peke yake.

Anavua hedifoni. Taa nyekundu bado inawaka.

"Anzia popote," anasema. "Ziende zote."

"Na hili sweta? Kifungo kimoja kimekatika," na analiinua, la kijivu, lile lile, na yeye yuko tena kwenye korido ya hospitali, akimuuliza daktari kama baridi inaweza, kama mtu ametoka bila sweta, na daktari, kijana mpole, akisema, "Hapana, mzee, ni mshipa wa kichwani, baridi haihusiani kabisa," na yeye akauliza tena, kwa maneno mengine, na akajibiwa vilevile, na hadi leo hajaridhika.

"Livae," anasema.

"Sasa hivi? Na jua lote hili?"

"Livae tu. Njiani kuna upepo."

Shemeji anamtazama, anataka kutania, anaghairi, anaingiza mkono mmoja kwenye sweta, kisha wa pili.

Kesho yake asubuhi alikaa kwenye kiti, mbele ya kabati tupu, waya wa mashine umelala sakafuni, hakuuchomeka. Alipiga. Mkono ulisimama kwenye mstari wa nne, ukasubiri, hapakuwa na cha kusikiliza wala cha kufuta, ukaendelea, akakosea ubeti wa pili, akapapasa, akakanyaga sauti zisizohusika, hakurudi nyuma, akatoka upande wa pili kwenye kiitikio, na chumba kizima kinalia juu yake, na alipofika ubeti wa tatu, usio na neno, akaguna sauti yake tu, mdomo umefungwa, akaugusa uzi mnene wa juu, na ndani ya kabati hanga tupu zikatetema, ti, ti, ti. Mkono ukainuka wenyewe, kiganja wazi. Ukabaki hapo hewani. Kisha ukashuka, akaupiga uzi uleule tena, kwa nguvu zaidi.