Tela la Vifaru Mtoni Msunga

Avunjaye daraja hulijenga tena, na wa kwanza kulivuka hutoka katika nyumba yake. Ndiyo sheria ya Ntalamo, kijiji cha Ufipa kilichotenganishwa na barabara ya Sumbawanga kwa mto Msunga, na hapana mtoto aliyekwisha kuonja ugali wa ulezi asiyeijua. Wazee waliiweka ili mtu asijenge ovyo ovyo. Maana nani atampitisha mwanawe juu ya gogo bovu?

Gaudensi naye aliijua. Lakini Gaudensi alikuwa na kitu ambacho kijiji hakikupata kukiona: lori la kubebea vifaru. Wakati wa vita aliliendesha mwenyewe hadi ng'ambo ya Kagera. Enzi ya ruksa, ya biashara huria, ilipoingia, na vyombo vikuukuu vya jeshi vikapigwa mnada, aliuza ng'ombe wa urithi akalinunua. Tela lake lilikuwa la chuma kitupu, refu, pana kama uwanja wa kuanikia mahindi. Ushirika ulikuwa taabani, wanunuzi binafsi waligombea nafaka mjini, na mwenye gari ndiye aliyekuwa mwenye neno.

Asubuhi moja ya Januari, mvua zikiwa zimeshika, alifika darajani na shehena ya mahindi. Desturi ilikuwa kushusha mzigo, gari livuke tupu, kisha watu wavushe magunia mabegani. Mzee Beda, mlinzi wa daraja, alisimama mbele ya lori.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shusha mahindi, Gaudensi."

"Mzee wangu, gari hili lilibeba kifaru. Kwake mahindi ni manyoya ya kuku."

"Sikukuuliza habari za gari. Nakuuliza, magogo haya yalibeba kifaru lini?"

Wapagazi wakaangua kicheko, na kicheko kile kilimchoma. Tena alikuwa na haraka. Binti yake Zita, aliyekuja kwa mama yake kujifungua mimba ya kwanza, alikuwa ametimiza mwezi wake, na Gaudensi alikuwa amemwahidi kumpeleka hospitali mwenyewe, binti akiwa ameketi kiti cha mbele kama mke wa mkubwa. Auze upesi, arudi upesi. Akapanda, akatia gia, na Mzee Beda akaruka kando.

Kichwa cha lori kilivuka. Tela lilipofika katikati, magogo yalilia mara moja yakakatika. Lakini injini ile, iliyozoea kuvuta chuma kilichokufa vitani, ililikokota tela hadi ng'ambo. Nyuma yake palibaki maji matupu.

"Nitarudi na mbao!" Gaudensi alipaza sauti kutoka dirishani.

Mzee Beda akageuka kurudi kijijini.

Mjini bei ilikuwa nzuri. Alipakia mbao, akanunua na blanketi la mjukuu. Mvua ilinyesha usiku kucha, na alipofika mtoni siku iliyofuata maji yalikuwa yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama upande wa pili.

"Kulikoni?" aliuliza.

Aliyejibu alikuwa Malimi, mfugaji Msukuma aliyehamia Ntalamo na ng'ombe wake. "Bwana Gaudensi, uchungu ulimshika Zita jana ulipoondoka tu. Tulimleta kwa machela hadi hapa. Maji yakatukatalia. Niliingiza dume langu kujaribu kina, likachukuliwa."

"Yuko wapi?"

Umati ukaachana. Machela ilikuwa chini, imefunikwa kanga toka juu hadi chini. Silvana mkewe alikuwa ameketi kando yake, wala hakuinua macho.

"Na mtoto?"

"Wako pamoja," akasema Malimi.

Gaudensi aliketi matopeni. Makaburi ya misheni yalikuwa upande wake wa mto. Mbao bila nguzo si daraja, na nguzo hazisimiki katika maji yaliyofurika. Nayo maiti haingoji kiangazi. Kisha akainuka.

"Malimi! Lete ng'ombe waliosalia."

"Wafanye nini?"

"Wavute tela."

"Bila tela utakula nini, bwana?"

"Nalo nitakula nini?"

Walirushiana kamba iliyofungwa jiwe, kamba ikavuta waya wa chuma uliofungwa kwenye tela. Gaudensi akashusha mbao, akalirudisha lori kinyumenyume, polepole, ng'ombe wakilivuta tela lisichukuliwe na mkondo, mpaka magurudumu ya nyuma yakazama na kukanyaga mwamba. Akalifungua kutoka kwenye kichwa. Lile lililobeba vifaru likalala mtoni, na mbao alizozileta zikaziba nafasi kati yake na kingo. Halingetoka tena, na hilo kila mtu alilijua.

Mzee Beda akashuka, akaligonga kwa fimbo huku na huku.

"Limesimama," akasema. "Wa kwanza?"

Silvana akaenda mwenyewe kwenye machela, akashika mti wa nyuma, na wanaume wakamsaidia kuinua. Zita akavuka.

"Gaudensi," Mzee Beda akaita, "Ntalamo haikudai kitu tena."

Gaudensi akapokea mti wa mbele, akautia begani.