Gari la Mkuu wa Kambi

Hebu niambie, wewe ungefanya nini ukiona gari jeusi la mkuu wa kambi linaingia mtaani kwenu kwa mwendo wa mazishi, padri kaketi mbele, na mumeo yuko angani?

Sisi wake wa marubani hatukuhitaji kuambiwa. Nyumba zetu za jeshi zilijipanga safu moja kandokando ya mashamba ya ngano, huko Champagne, Ufaransa, na ndege zikipita juu ya paa vikombe vilicheza kabatini. Ouragan ziliitwa, jina lenye maana ya kimbunga, jeti za mwanzo kabisa kuundwa na Wafaransa wenyewe kwa wingi. Kelele yao tuliizoea kama mtoto anavyozoea kikohozi cha babu yake. Kilichotutisha ni kimya. Kimya kikizidi, gari lile lilikuja, na kila mwanamke alisimama dirishani kwake, hapumui. Lilisimama kwenye mlango mmoja tu.

Mwaka wa hamsini na nne wakaja watu wa sinema. Walizitaka ndege zetu, na waume zetu wakafurahi kama watoto wa sikukuu. Fernand wangu akawa ananyoa ndevu asubuhi na mchana.

"Nani atakuona humo ndani ya kofia na barakoa, we mwanamume?"

"Ndege itaniona," akasema.

Huguette, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alicheka hadi akashika mbavu. "Afadhali wako, shoga! Wangu kamwomba mwongozaji ampige picha ubavu wa kushoto, eti ndio mzuri." Tulikuwa chanda na pete, mimi na yeye. Chumvi yangu yake, sabuni yake yangu.

Asubuhi moja ya baridi waliruka wanne, waume zetu wawili miongoni mwao. Nilikuwa namenya viazi gari lilipoingia. Likapita nyumba ya kwanza, ya pili. Kwa Huguette likapunguza mwendo, likampita, likasimama kwangu. Nilitoka na kisu mkononi. Mkuu wa kambi alishuka, akavua kofia. Sikusubiri aseme. Nilitoa mlio ambao mpaka leo sijui ulikuwa umekaa wapi mwilini mwangu, nikajifunika uso kwa aproni, nikaanguka barabarani.

"Kata!"

Mwongozaji alitokea nyuma ya gari la maziwa, akifuta miwani. Akaniinamia.

"Samahani, mama. Nyuso za kweli haziagizwi. Mumeo mzima kabisa." Kisha akakuna shingo. "Ila umejifunika. Unaweza kurudia?"

Fernand alirudi akinuka mafuta ya ndege. Alikuwa anajua. Wote wanne walikuwa wanajua. "Ni sinema tu, mke wangu," akasema, akaomba supu. Nikampakulia. Miaka mingi baadaye, akifa taratibu kitandani kwa uzee, nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu yale yale.

Aliyenifaa ni Huguette. Mwaka ule, majira yote ya joto alikuja na mkate wa siagi, akiniambia, "Siku ile nililia nawe, shoga, kule dirishani." Nikamwamini. Nilikuwa na nani mwingine?

Filamu ilifika mjini kwetu majira ya baridi. Tulijaa ukumbini, wanaume wamevaa sare, Huguette kaketi pembeni yangu, mkono wake ndani ya wangu. Ouragan zilipasua mawingu, watu wakapiga miluzi. Kisha gari jeusi. Mlio wangu haukuwemo; mahali pangu alianguka mwigizaji mwenye midomo myekundu, akaanguka vizuri, juu ya nyasi.

Lakini kabla yake ulitokea uso wa Huguette dirishani, mkubwa kama nyumba. Macho yake yakifuata gari. Midomo ikinong'ona haraka haraka. Gari likampita, akafanya ishara ya msalaba, na polepole, kama jua linalotoka winguni, akatabasamu.

"Huyo dada hatari!" akasema mtu nyuma yetu. "Anaigiza kuliko wote!"

Mume wa Huguette akapiga makofi.

Mkono wake ulipoa ndani ya wangu. Taa ziliwaka, watu wakatoka na makoti yao, yeye hakuinuka. Sikumwachia.

"Noëlie," akasema, macho yake kwenye kile kitambaa cheupe cha sinema kisicho na kitu. "Nilitaka lile gari liwe lako. Nilimtajia Mungu jina la Fernand, la ubatizo na la ukoo, asije akakosea nyumba. Na kesho wakiruka, nitamtaja tena."