Blanketi la Wanaume Wawili

Bi Fatimah hakuwa amempakata mtoto hata mara moja. Alisema mikono inamuuma kwa baridi, na watu wa nyumba ile ya ughaibuni, Apple Valley, wakajifanya wameamini, ingawa nje jua lilikuwa kali na majirani walikata nyasi vifua wazi.

Mtoto alikuwa wa Faiza, mjane wa mwanawe Hussni. Hussni alikuwa dereva wa trela, akiondoka wiki nzima na zaidi, mpaka Januari barafu ya Dakota ilipompindua. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa Faiza aliposema ana mimba. Wanawake waliokuja kuhani walisema alhamdulillahi, Hussni hakuondoka bila mbegu. Bi Fatimah naye alisema alhamdulillahi. Kisha akajifungia chumbani, akaanza kuzikumbuka safari za mwanawe moja moja: hii ilikuwa lini, na ile alirudi lini. Hakupata hakika.

Alamin, mwanawe mdogo, hakumwacha apumue.

"Mama, mimi sisemi kitu," alikuwa akimwambia kila alipomkuta peke yake. "Nasema tu kaka alikuwa barabarani. Ku-drive kule si mchezo. Nyumbani alikuwa mgeni."

"Husemi kitu, mwanangu, lakini kila siku unakisema."

Mwisho Alamin alinunua kisanduku cha kupimia nasaba, akakiweka juu ya friji. Ndani mlikuwa na vijiti vya pamba vya kufutia shavu: kimoja cha mtoto, kimoja cha bibi. Kila Bi Fatimah alipotoa maziwa alikiona. Na kila alipokiona alimtazama Faiza, na Faiza alishusha macho. Wa haya hushusha macho, na mwenye hatia pia.

Kwao Malindi, katika ukoo ule, mtoto wa kiume wa kwanza hubeba jina la babu yake mzaa baba, na jina hutamkwa na mkubwa wa upande wa baba. Jina lilikuwa Omar, la marehemu mume wa Bi Fatimah. Lilikuwa litamkwe siku ya arubaini, mtoto atakapotolewa nje. Bi Fatimah asipolitamka, kila aliyealikwa angeelewa bila kuelezwa. Wakati huo karatasi za hospitali zilisema Mtoto wa Faiza, na nyumbani wakimwita Mgeni.

"Mama," Faiza alimwambia asubuhi moja, akikunja nguo za mtoto, "mimi sitakulazimisha. Lakini ukimnyima jina, nitamchukua twende kwa kaka yangu Maple Grove. Siwezi kumlea katika nyumba inayomwita Mgeni."

Bi Fatimah alishika neno moja tu: ile "sitakulazimisha" aliichambua siku nzima.

Siku chache kabla ya arubaini, Faiza alileta blanketi. Alisema limefumwa na Bi Marit, mwanamke mzee mwenye asili ya Norwe, ambaye Faiza alikuwa akimtunza nyumbani kwake kabla ya kujifungua. Bi Fatimah alilikunjua kitandani.

Lilikuwa limefumwa picha ya theluji. Juu ya theluji wanaume wawili wenye ndevu na mikuki, wamesimama kwenye mbao nyembamba za kutelezea, wanakimbia. Mmoja amekumbatia mtoto mchanga.

Bi Fatimah alikuwa mwanamke wa leso. Malindi aliwahi kumaliza ugomvi mzima bila kufungua kinywa, kwa kuanika leso moja tu pale jirani yake atakapopita. Alijua nguo haitolewi bure. Akatafuta jina, yale maneno ya leso, kwenye pindo, pande zote nne, hakuliona. Basi, leso isiyo na jina husema kwa picha. Wanaume wawili, mtoto mmoja. Huyu mzungu anajua, na Faiza ndiye aliyemwambia. Kwa nini wanakimbia? Wanakimbia nini?

Alilikunja, picha ndani, akalisukuma chini ya godoro.

"Mama, umeliona blanketi la mtoto?"

"Nimeliona. Na nimelisoma."

"Umelisoma?"

"We nenda tu. Mwenyewe atakuja siku hiyo, sivyo?"

Siku ya arubaini Bi Marit alikuja kweli, akisukuma kigari chake cha kutembelea, na biskuti ndani ya kopo. Wanawake walikuwa wachache, udi umeshafukizwa, sinia la mahamri limepita. Faiza alikaa pembeni na mtoto. Alamin alisimama karibu na mlango. Kisanduku alikuwa amekitoa juu ya friji, sasa kiko mezani, karibu na birika, kama kwamba nacho kimealikwa.

Bi Fatimah alilileta blanketi, akalitandaza mapajani mwa yule bibi.

"Muulize, hawa wanaume wawili ni kina nani, na mtoto ni wa yupi."

Faiza alifungua kinywa atafsiri.

"Si wewe. Alamin."

Kiingereza cha Bi Fatimah kilikuwa cha dukani tu, lakini nyuso alizisoma vizuri. Aliona uso wa Bi Marit unang'aa. Yule bibi akaanza kueleza, kidole juu ya picha, na Alamin akafuata.

"Anasema si wa yeyote kati yao. Ni mtoto wa mfalme wa Norwe, zamani sana. Haakon. Baba yake alikufa ghafla, wengine wakasema ni sumu. Mtoto akazaliwa baba hayupo. Maadui walimtafuta, basi hawa askari wawili wakambeba, wakavuka naye milima kwenye theluji."

Bi Fatimah alihisi aibu ikimtambaa shingoni, lakini hakuiachia nafasi.

"Na watu walijuaje kama ni wa huyo mfalme?"

Alamin aliuliza. Alipopata jibu, sauti yake ikapanda. "Hawakujua, mama. Ndiyo maana mama yake alibebeshwa chuma cha moto mkononi, mbele ya watu. Mkono ukafungwa kitambaa. Ukipona safi, mtoto ni wa mfalme. Unaona? Hata wafalme walipimwa." Akakigusa kisanduku kwa ncha ya kidole.

Bi Fatimah alikitazama kiganja chake. Mama yake alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, na yeye Bi Fatimah, akiwa mdogo, aliwahi kuona huko kiapo cha shoka, mshitakiwa akipitishiwa shoka la moto kiganjani. Harufu ya chuma kilichoiva ilimrudia sebuleni pale, juu ya udi.

"Mkono wake ulipona?"

"Ulipona."

"Ni nani aliyetaka abebe chuma?"

Alamin aliuliza, akasikiliza, akakohoa. "Wakubwa tu."

Bi Marit alikuwa bado anaongea, akitaja jina moja mara kwa mara. Skule. Skule.

"Wakubwa hawaitwi Skule wote. Huyo ni nani?"

"Ni... mkubwa mmoja. Ndugu wa mfalme mwingine."

"Na mtoto asingekuwa wa mfalme, kiti kingemwendea nani?"

Alamin alikuwa anatazama zulia. Faiza ndiye aliyejibu, polepole. "Yeye, mama."

"Na mkono ulipopona, aliridhika?"

Safari hii hakuna aliyetafsiri. Bi Marit mwenyewe alikuwa amelielewa swali usoni mwa Bi Fatimah, akatikisa kichwa, akapitisha kidole shingoni. Faiza akaeleza: miaka ilipita, Skule akajitangaza mfalme, akauawa.

Bi Fatimah aliifikiria nyumba ya Malindi. Baada ya Omar kufa, nusu ilikuwa ya Hussni, nusu ya Alamin. Alamin alishaanza kuzungumzia mabati mapya, nyumba nzima, tangu kabla ya mtoto kuzaliwa. Akiwepo mtoto wa kiume, ami hapati kitu katika nusu ya ndugu yake. Hilo alilijua siku zote. Hakutaka kulitazama, kwa kuwa mwana aliyebaki ni mmoja.

Akakivuta kisanduku, akakifungua, akamnyooshea Alamin kijiti.

"Kaloleni, siku niliyoona shoka, aliyeshitaki aliambiwa anyooshe mkono kwanza. Basi anza wewe. Apa hapa, mbele ya hawa: majibu yakisema mtoto ni wa Hussni, nusu yako ya nyumba nayo ni yake."

"Mama, kwani tuko mahakamani?"

"Umekileta wewe."

Mwanamke mmoja alisogeza kikombe chake. Alamin alikitazama kijiti, hakukipokea.

"Tuache tu. Mtoto kalala, asiamshwe," alisema.

"Halali. Ananitazama."

Bi Fatimah akanyoosha mikono, na Faiza, baada ya kusita, akampa mtoto ampakate. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Alimchunguza masikio, paji, kidevu, akimtafuta Hussni. Hakuona la kumhakikishia wala la kumkana. Lile donge la shaka bado lilikuwa pale pale kifuani, na alijua atazeeka nalo.

Akainama sikioni.

"Omar," alisema. "Omar bin Hussni." Kisha akalirudia kwa sauti ya kusikika.

Faiza alifunika uso kwa ncha ya mtandio.

Bi Fatimah alilichukua blanketi mapajani mwa Bi Marit, akamzungushia mtoto, wanaume wawili na mikuki yao wakitazama nje. Akaenda mpaka mlangoni, mikono yote miwili imejaa, akasimama mbele ya Alamin.

"Fungua mlango, ami yake."